Kipimo cha Jumatatu

Dominika ya 25 ya Mwaka C



Ndugu wasikilizaji wapenzi, popote mnaponisikia asubuhi hii: ninyi mliokwisha kujiandaa kwenda Misa, ninyi mlio kitandani kwa ugonjwa, na ninyi wa vigango vya mbali ambako leo katekista ataongoza ibada kwa kuwa padre hafiki kila Dominika, nawasalimu wote katika Bwana.

Somo la kwanza la leo ni fupi sana, mistari minne tu, lakini ni kali. Limetoka katika kitabu cha nabii Amosi, sura ya nane. Amosi hakuwa mtu wa hekaluni. Alikuwa mfugaji wa Tekoa, kijiji cha Yuda kilicho kusini ya Betlehemu, na mtunzaji wa mikuyu. Mungu alimtoa nyuma ya kondoo, akamtuma kaskazini katika ufalme wa Israeli, siku za mfalme Yeroboamu wa Pili, katika karne ya nane kabla ya Kristo. Zilikuwa siku za neema. Mipaka ilitulia, biashara ilistawi, matajiri walijijengea nyumba za mawe yaliyochongwa na kulalia vitanda vilivyonakshiwa kwa pembe za ndovu. Ibada nazo zilistawi. Pale Beteli, mahali patakatifu pa mfalme, nyimbo hazikupungua, wala sadaka, wala sikukuu. Mgeni apitaye njiani angeweza kusema: hili kweli ni taifa limchalo Mungu!

Lakini Amosi alisikia maneno mengine, yale ambayo mwimbaji hayaimbi kwa sauti. Aliwasikia wafanyabiashara wakiulizana mioyoni mwao: sikukuu ya mwezi mwandamo itakwisha lini, na Sabato itapita saa ngapi, ili tupate kufungua maghala yetu na kuuza ngano?

Naomba tusiharakishe kuwahukumu, ila tuwatazame vizuri. Watu hawa hawakuivunja Sabato. Waliishika! Siku ya Bwana maduka yao yalikuwa yamefungwa, punda wao walikuwa wamepumzika, nao wenyewe walikuwa pamoja na wengine katika ibada. Kama tungekuwa na rejista ya mahudhurio, majina yao yote yangekuwamo. Kosa lao halionekani kwa macho. Miili ilikuwa mbele za Mungu, mioyo ilikuwa ghalani ikihesabu saa. (Nasi tunao ndugu zetu ambao hata baiskeli zao huziegemeza nje ya kanisa zikiwa zimekwisha elekezwa barabarani, ili baada ya Komunyo pasiwe na ucheleweshaji wowote. Baraka ya mwisho huwakuta mtelemkoni.)

Na walikuwa wanaharakia nini? Nabii anataja mambo yenyewe, moja baada ya jingine, kama mkaguzi aliyeingia dukani. Wanataka kuipunguza efa na kuiongeza shekeli. Efa ilikuwa chombo cha kupimia nafaka, ambacho wataalamu wengi hukikadiria kuwa lita 22 hivi. Basi haikuwa mbali na debe letu. Shekeli ilikuwa jiwe la kupimia fedha ya malipo, uzito wake kama gramu 11, kwa sababu siku zile fedha ilipimwa kwa uzito kabla ya kuwapo kwa sarafu. Mfanyabiashara huyu alikuwa na debe dogo la kumpimia mnunuzi ngano, na jiwe zito la kupokelea fedha yake. Alimwibia mkononi na kumwibia mfukoni. Tena aliichezea mizani, na makapi yaliyobaki sakafuni aliyachanganya na ngano akayauza pamoja. Maskini aliyeshindwa kulipa alinunuliwa kwa thamani ya jozi ya viatu. Ndipo Mungu anaapa kwamba hatasahau kamwe hata tendo moja la matendo yao.

Sasa tutoke Beteli, tuje kwetu. Katekista mmoja wa nyanda za juu, kule kunakolimwa viazi, alinisimulia swali aliloulizwa na mzee mmoja katika mafundisho ya wakatekumeni. Walikuwa wamefika kwenye Amri ya Kwanza, ile ya kumwabudu Mungu mmoja peke yake. Mzee akainua mkono, akasema: "Mwalimu, yule bwana anayetusomea Somo kanisani siku ya Jumapili ndiye yule yule anayekuja Jumatatu kununua viazi vyetu kwa lumbesa. Mimi nataka kubatizwa. Lakini kwanza uniambie, Mungu wake ni yupi: yule wa Jumapili, au yule wa Jumatatu?"

Katekista alikosa jibu. Akasema, "Mzee wangu, unipe juma moja."

Nadhani wasikilizaji wangu wote wanaijua lumbesa, lakini niieleze kwa ajili ya watoto wa mjini. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha halishonwi. Huongezewa juu yake kilemba cha kipande cha gunia jingine au cha wavu wa kamba, likajazwa tena na kushindiliwa, mpaka liwe kama mtu aliyebeba mtoto mabegani. Likiisha kufika hapo huitwa "gunia moja", na hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo ya Tanzania inaikataza desturi hiyo, na imeweka kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Sheria ipo. Lumbesa nayo ipo.

Hebu tufanye hesabu, maana dhambi nyingine hazionekani mpaka zihesabiwe. Tuseme lumbesa moja ina kilo 130, na hiyo si kubwa kuliko zote. Mama mjane aliyeuza magunia 10 amelipwa kilo 1,000, naye ametoa kilo 1,300. Magunia 3 yamekwenda bure. Katika Agano la Kale, zaka ambayo Mungu aliwaagiza watu wake ilikuwa sehemu moja ya kumi. Mwenyezi Mungu, aletaye mvua na kuotesha mbegu, alitaka moja. Mnunuzi, ambaye hakushika jembe wala kunyunyiza dawa, amechukua tatu. Na katika hizo tatu mna daftari za mtoto, na nauli ya kwenda hospitali, na mbegu ya msimu ujao.

Katekista alikwenda nyumbani kwa yule msomaji. Alikaribishwa chai, wala mwenyeji hakukasirika. Alisema: "Mwalimu, hata mimi siipendi lumbesa. Lakini lori linatoza kwa gunia, ushuru unatozwa kwa gunia, na sokoni mjini wananunua kwa gunia. Nikipeleka magunia madogo, mwenzangu mwenye lumbesa atauza yake na mimi nitarudi na yangu. Nami nina watoto shuleni."

Ndugu zangu, jibu hilo lisidharauliwe. Huyu si mtu mwovu. Ni mtu aliyekamatwa katika mnyororo wenye pingu nyingi, naye ni pingu moja tu. Mhubiri anayesimama mimbarani na kumtupia mawe bila kujua lori hutozaje, afadhali anyamaze. Lakini yatupasa kuuliza: mzigo huu wote, wa lori na ushuru na mchuuzi wa mjini, mwishowe huwekwa juu ya mgongo wa nani? Kila mmoja katika mnyororo ule humtwisha aliye nyuma yake, mpaka unamfikia yule ambaye hana mtu nyuma yake wa kumtwisha. Naye ndiye Mungu anayemtazama. Zaburi ya leo, ya 113, inamsifu Bwana akaaye juu sana, ambaye hata hivyo huinama kumwinua mnyonge kutoka mavumbini. Hatuwezi kumwimbia Mungu ainamaye kumwinua mnyonge, kisha tukamkalia mnyonge huyo huyo juu ya gunia lake ili lishindilike.

Wapo wasemao: Padre, hayo ni mambo ya serikali na ya masoko, wewe utuhubirie mambo ya sala. Basi fungueni kitabu cha Walawi, sura ya 19. Humo Mungu anaagiza Sabato zake zitunzwe na patakatifu pake paheshimiwe. Na mistari michache tu mbele, katika sura hiyo hiyo, anaagiza mizani ya haki, mawe ya haki na efa ya haki. Hakubadili sauti wala hakugeuza ukurasa. Kwake hekalu na soko viko katika pumzi moja. Na sababu anayoitoa si sababu ya biashara. Anawakumbusha kwamba Yeye ndiye aliyewatoa Misri. Kana kwamba anawaambia: mlikuwa mkipimiwa matofali na wasimamizi, mnajua maumivu ya kipimo cha mtu mwenye nguvu, iweje ninyi mwageuke kuwa Farao kwa wenzenu?

Tuitazame Misa yenyewe. Baada ya Sala ya Waamini, huletwa mkate na divai. Padre huviinua na kumshukuru Mungu kwa kuwa ni matunda ya nchi na ya mizabibu, na ni kazi ya mikono ya watu. Sikilizeni vizuri: kazi ya mikono. Hatuleti altareni ngano kama ilivyoota porini. Tunaleta kitu kilicholimwa, kikavunwa, kikauzwa, kikasagwa na kuokwa. Juma zima la binadamu limo katika kile kipande chembamba cha mkate. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa iliyotolewa tarehe 21 Novemba 1964, unafundisha kwamba sala za walei, maisha yao ya ndoa na familia, kazi zao za kila siku na hata mapumziko yao, vikitendwa katika Roho, huwa sadaka za kiroho zinazotolewa pamoja na Mwili wa Bwana katika Ekaristi. Hebu tupime uzito wa mafundisho hayo. Maana yake ni kwamba mkulima, fundi cherehani, muuguzi, dereva na mama lishe wana kitu cha kuweka juu ya patena ambacho padre hana. Na maana yake, vilevile, ni kwamba kama juma langu ni la wizi, basi nimeleta cha wizi nikakiweka karibu na Mwili wa Bwana. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Desemba 1965, Mtaguso huo huo ulitamka katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo kwamba kuitenga imani tunayoikiri na maisha yetu ya kila siku ni mojawapo ya makosa mazito ya nyakati zetu. Haukusema kosa la wapagani. Ulisema la waamini.

Hapo mtu aweza kukata tamaa na kusema: basi nisiende tena kanisani mpaka nimalize biashara hii. La, ndugu yangu, usifanye hivyo! Hilo ndilo shetani angelipenda kusikia. Dawa ya ibada isiyofika sokoni si kuiacha ibada, bali kuifikisha.

Afrika imekwisha kutoa ushahidi juu ya jambo hili. Mwaka 304, wakati wa dhuluma ya Kaisari Diokletiano, Wakristo 49 wa mji wa Abitene, katika nchi iitwayo leo Tunisia, walikamatwa wakiadhimisha Ekaristi siku ya Bwana, ingawa amri ya Kaisari ilikuwa imekataza mikusanyiko ya Wakristo. Walikuwa wanaume, wanawake na vijana, pamoja na padre wao Saturnino. Wakapelekwa Karthago mbele ya liwali. Mmoja wao, Emerito, alipoulizwa kwa nini aliwaruhusu watu kukusanyika nyumbani kwake, alijibu kwamba wao hawawezi kuishi bila adhimisho la Dominika. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwakumbuka mashahidi hao katika barua yake juu ya Siku ya Bwana ya mwaka 1998. Linganisheni basi watu hawa wawili. Mfanyabiashara wa Beteli anauliza siku ya Bwana itakwisha lini. Msomi huyu wa Abitene, ambaye kazi yake kanisani ilikuwa ya usomaji, anasema kwamba bila siku ya Bwana hana uhai. Kwa wa kwanza, Dominika ni kizuizi kati ya soko na soko. Kwa wa pili, ndiyo kisima, na siku nyingine sita ni safari ya mtu aliyekwisha kunywa.

Maji ya kisima hubebwa kwa chombo. Chombo chetu ni zile ibada ndogo ndogo ambazo mama zetu walitufundisha tungali watoto, nasi wakubwa tumeanza kuzionea haya: ishara ya msalaba tuamkapo, Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, sala ya kabla ya chakula, Rozari, na kuitafiti dhamiri kabla ya kulala. Wengine husema ni mambo ya watoto na ya bibi vizee. Mimi sikubaliani nao. Mchuuzi afanyaye ishara ya msalaba kabla ya kushika mizani, akijua anachokifanya, amemwita shahidi. Ni vigumu sana kidole kilichogusa paji la uso kwa jina la Baba kwenda mara moja kuielemea sahani ya mizani. Kengele ya saa sita ikilia sokoni, nawe ukanyamaza kidogo na kukumbuka kwamba Neno alitwaa mwili, huyo aliye mbele yako na kikapu chake ana mwili huo huo. Na jioni, kabla ya Baba Yetu ya mwisho, huhitaji kitabu kirefu cha kuitafiti dhamiri. Jiulize: leo nani ameondoka kwangu akiwa na pungufu?

Tunaye ndugu yetu Mwafrika aliyeuvaa uchaji wake mpaka kazini. Mwenye Heri Isidori Bakanja wa Kongo alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, akiwa kijana msaidizi wa waashi. Baadaye alifanya kazi Ikili, kwenye shamba la kampuni ya mpira. Alikuwa na Rozari, na shingoni alivaa skapulari ya Bikira Maria, naye aliwafundisha wenzake sala. Msimamizi wa pale hakupenda kuziona alama hizo wala kuzisikia sala hizo. Akamwamuru aivue skapulari. Isidori hakuivua. Akapigwa kwa mjeledi wenye misumari, vidonda vikaoza, akaugua kwa muda wa miezi sita, akafa tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Kupalizwa Mbinguni Mama yule ambaye vazi lake alikataa kulivua. Kabla ya kufa alimsamehe aliyemwua, akaahidi kumwombea mbinguni. Alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma tarehe 24 Aprili 1994, wakati Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ikiendelea. Angaliweza kuificha ile skapulari sandukuni siku za kazi na kuivaa Jumapili, wala hakuna ambaye angalimlaumu.

Sasa nije kwenye Injili, ambayo wengi huikwepa kwa sababu inamsifu wakili asiye mwaminifu. Bwana hausifu wizi wake. Anasifu akili yake: alipoona siku zake zinakwisha, hakukaa kulalamika, alikaa na kupanga. Bwana anasikitika kwamba watoto wa dunia hii wana busara zaidi katika mambo yao kuliko watoto wa nuru. Basi, enyi watoto wa nuru, tumepanga nini? Walanguzi wana simu, wana malori, wana umoja wa bei. Jumuiya zetu Ndogo Ndogo hukutana kila juma, husoma Injili, husali, huchanga fedha za mazishi na za sherehe za jimbo. Ni vizuri. Je, imeshindikana kuchanga kwa ajili ya mizani moja?

Nauliza hivyo kwa sababu katika kigango kile cha yule katekista ndivyo ilivyokuwa. Msomaji yule na jumuiya yake walikaa jioni tatu, wakagombana kidogo, wakakubaliana kununua mizani ya pamoja na kuuza viazi vyao kwa kilo, wakiwa kundi moja, ili dereva wa lori azungumze na watu 20 badala ya mjane mmoja. Msimu wa kwanza walipata hasara, sitawaficha. Mnunuzi wao wa zamani aliwasusa. Msimu wa pili alitokea mwingine. Msomaji bado anasoma Somo siku ya Dominika. Mzee yule, katekista aliponisimulia habari hizi, alikuwa hajaomba bado tarehe ya ubatizo. Alikuwa anakuja kwenye mafundisho, anakaa nyuma, anatazama.

Na iwapo miongoni mwenu yupo anayejua kwamba alichukua kisicho chake, asikilize habari ya Zakayo. Hakusema tu kwamba amejuta. Alitaja kiwango: mara nne. Sakramenti ya Kitubio huondoa dhambi, lakini viazi vya mjane havirudi nyumbani kwake kwa maneno ya padre. Vinarudi kwa miguu ya yule aliyevichukua. Asipoweza kumpata aliyemdhulumu, maskini wengine wapo.

Nakumbuka pia kwamba Bwana wetu, katika Injili hiyo hiyo ya Luka, sura ya sita, alikwisha kutaja kipimo kilichoshindiliwa, kikasukwasukwa, mpaka kikamwagika. Wakulima wakisikia maneno hayo hucheka, kwa maana wanaifahamu lumbesa. Ila Bwana aliitaja kama zawadi itakayomwagwa kifuani mwa yule atoaye. Sisi tumeigeuza tukaifanya njia ya kuchukua.

Mtume Paulo, katika somo la pili, anamwandikia Timoteo kwamba kabla ya mambo yote dua na sala zifanyike kwa ajili ya watu wote, na kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, ili tuishi kwa amani. Tumtii basi, hapa hapa tulipo.

Ee Mungu Baba, tunawaombea wale watakaoamka kesho saa kumi alfajiri kwenda mnadani: wapakiaji na madereva, mama wenye vikapu, vijana wa mikokoteni. Tunawaombea maofisa wa vipimo, wapewe ujasiri wasipofushwe na bahasha. Tunawaombea wanaotunga kanuni za ushuru na za masoko, waione sura ya mkulima nyuma ya kila gunia. Tunawaombea wanunuzi wanaotaka kuacha lumbesa na hawajui waanzie wapi. Uwaoneshe mwenzi wa kwanza. Tunawaombea makatekista wanaoulizwa maswali magumu, na wazee wanaotutazama kutoka viti vya nyuma. Mwenye Heri Isidori Bakanja na mashahidi wa Abitene watuombee. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.